Kiingilio Tulishalipa

Kiwanda kikishafungwa, mashine zikishang'olewa na mlinzi wa mwisho akishadai malimbikizo yake mpaka akachoka, huja mchoro. Unaujua. Hubandikwa kwenye mabati ya uzio, rangi zikiwaka: nyasi za kijani ambazo Changamwe ya Mombasa haijapata kuziona, bwawa la kuogelea la buluu, binti mwembamba anayekimbia na visikizi masikioni, mtoto mwenye puto, na Mzungu wa makamo anayemtembeza mbwa. Mzungu huyo nimemwona katika michoro mingi hata sasa namtambua kwa shati. Juu yao wote kuna maandishi: Kituo cha Kisasa cha Michezo na Burudani kwa Jamii. Jamii yenyewe haimo. Hakuna mzee aliyeinamia bao, hakuna muuza kahawa na kashata zake, hakuna vijana wanaonyanyua vyuma vya saruji iliyogandishwa ndani ya makopo ya rangi. Lakini sogeza macho pembeni, penye njia ya kuingilia, utaona kijumba chenye dirisha dogo. Hicho ni kibanda cha tiketi.

Nina maneno na waliokichora hicho kibanda.

Watu walioishi ukutani mwa kiwanda miaka thelathini, arobaini, wamekwisha kulipa kiingilio. Walilipa kwa vifua. Walilipa kwa nguo zilizoanuliwa zikiwa chafu kuliko zilivyoanikwa, kwa maji ya kisima yaliyogeuka ladha, kwa watoto waliolala huku ngurumo za zamu ya usiku zikitikisa dirisha. Mwenye kiwanda hakuwakatia risiti, ndiyo maana leo mnajifanya hamuoni deni. Kama kuna anayedaiwa mbele ya ardhi hiyo, ni yule aliyepakia mashine kwenye lori akaacha nyuma udongo ambao hakuna anayejua una nini.

Tuanze na udongo huo, maana mchoro hauanzi nao kamwe.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato cha chini huko Mikindani, Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000. Kuanzia mwaka 2007 ukuta wa pili wa mtaa huo ulikuwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi ulishuka juu ya mabati, maji machafu yakapita vichochoroni. Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho. Mwanawe mchanga akaugua, akapimwa, akakutwa na risasi mwilini. Mama huyo aliacha kazi akaanza vita ambavyo vilimletea Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe, NEMA yenyewe, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikiwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na umri wa kumaliza shule ya sekondari siku uamuzi wa mwisho uliposomwa.

Naitaja kesi hii kwa sababu risasi haina tabia ya kuondoka. Haiozi. Mvua haiifuti. Hubaki kwenye tabaka la juu la udongo, hapo hapo mtoto anapopiga magoti kucheza gololi na kisha kulamba kidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huingia kwenye ubongo unaokua na kinachoharibika humo hakirudi. Na risasi ni moja tu. Kiwanda cha ngozi huacha kromu. Ghala la mafuta huacha mafuta yaliyozama chini hadi kwenye maji. Karakana ya zamani huacha paa la asbesto, ambalo fundi wa bei rahisi atalivunja kwa nyundo mchana kweupe, vumbi likipeperukia madarasani. Kila kiwanda kina wosia wake, nanyi mnataka kuufunika kwa nyasi za kununua.

Seattle, Marekani, walikuwa na kiwanda cha gesi kando ya ziwa, kilichofanya kazi tangu 1906 hadi 1956. Msanifu Richard Haag aliwashawishi wasivibomoe vile vinara vyake vya chuma; akaligeuza eneo kuwa bustani ya umma, Gas Works Park, iliyofunguliwa mwaka 1975. Ni kazi ya sifa kubwa. Haag alijaribu kuusafisha udongo kwa kuuchanganya na mbolea na takataka za mbao ili bakteria wale mafuta. Hata hivyo mwaka 1984 bustani ilibidi ifungwe kwa muda, vipimo vipya vilipoonyesha sumu bado imo. Nchi yenye maabara na pesa, na msanifu aliyeufikiria udongo kabla ya kila kitu, bado waliteleza. Sasa wewe unayeanza na rangi ya viti vya uwanja, una dhamana gani?

Kupima si uchawi. Eneo hugawanywa viraba, huchukuliwa sampuli kwa vina tofauti, hupelekwa maabara, majibu hurudi na ramani: hapa pabaya, hapa afadhali, hapa salama. Pabaya hukwanguliwa na kupelekwa panapostahili, au hufunikwa kwa kitambaa kizito na udongo safi wa kina cha kutosha, na hapo hapachimbwi tena wala hapapandwi mti wa matunda. Ukishapata ramani hiyo, nusu ya usanifu umekwisha. Penye udongo mchafu zaidi weka sakafu ya zege ya netiboli. Penye udongo safi weka bustani na watoto wadogo. Yaani maabara inachora kabla ya msanifu. Mnachokifanya nyinyi ni kinyume: kiwanja cha watoto kinawekwa pale kinapopendeza kwenye picha.

Mtaniambia gharama. Nani alipe? Jibu liko Mombasa hii hii, Bamburi, na lina zaidi ya miaka hamsini.

Tangu 1954 kiwanda cha saruji kilikuwa kikiukata mwamba wa matumbawe, kikibakiza jangwa jeupe lisilo na punje ya udongo, chini yake maji ya chumvi. Mwaka 1971 bwana shamba kutoka Uswisi, René Haller, alipewa jukumu la kulirudishia uhai. Alijaribu aina 26 za miti. Zikasalimika tatu: mvinje, mdamasi na mnazi. Mvinje ndio uliobeba mzigo, kwa kuwa mizizi yake hukaa na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, lakini majani yake membamba yalianguka yakalala tu, hayaozi. Haller akaleta majongoo. Majongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo ule kukaota msitu wenye vidimbwi, samaki, ndege na twiga. Ukipita leo huwezi kuamini kwamba palikuwa shimo. Sijui kazi nyingine katika pwani hii ambayo mtu mmoja aliifanya kwa akili na subira ya namna ile, na anayemdharau Haller hajui anachokisema.

Gharama ilibebwa na kampuni iliyochimba. Hilo ndilo funzo ambalo hotuba za mazingira hulipita kwa haraka. Aliyekula mwamba ndiye aliyelipia msitu. Kumbe inawezekana! Na sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 inalisema waziwazi: mchafuzi hulipa, na NEMA ina mamlaka ya kumwamuru airudishe ardhi katika hali yake. Katiba ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kwa hiyo msije na bakuli mkitafuta wafadhili wa kusafisha uchafu wenye mwenyewe.

Ila nina neno hata juu ya msitu huo, Haller Park. Lango lake lina kiingilio. Naelewa sababu: wanyama wanakula, wahudumu wanalipwa, na pale ni mbuga, hapakukusudiwa kuwa kiwanja cha mtaa. Mwaka 2004, baada ya tsunami, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi aliletwa humo, akapewa jina Owen, akasuhubiana na kobe mzee aitwaye Mzee, na dunia nzima ikalia kwa furaha. Sina ugomvi na kiboko. Nauliza tu kuhusu mtoto wa kibinadamu wa Kisauni, ambaye vumbi la kiwanda lilitua kwenye uji wake: yeye hifadhi yake iko wapi? Miti mitatu iliwezekana. Majongoo waliwezekana. Kitu gani kimeshindikana katika kufungua geti la pili, upande wa mtaani, lenye kiwanja na bomba la maji?

Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma kilizimwa mwaka 1985. Badala ya kukifuta, msanifu Peter Latz aliacha matanuri yakaota kutu mahali pake. Tangi la gesi likajazwa maji, watu wanapiga mbizi ndani yake. Kuta za maghala ya mawe ya chuma zikawa za kukwea. Eneo zima, hekta zipatazo 180, liko wazi usiku na mchana na kuingia ni bure. Hao ni Wajerumani, watu ambao hata choo cha stesheni wanakutoza.

Lakini kama ningeruhusiwa kumpeleka kila mjumbe wa kamati mahali pamoja tu, ningempeleka São Paulo, Brazil, kwenye kiwanda kilichokuwa kikitengeneza mapipa.

Shirika la SESC lilikinunua mwaka 1971. Mpango wa awali ulikuwa kubomoa na kujenga jengo jipya, mchoro wa kawaida. Baadaye kazi ikamfikia Lina Bo Bardi, msanifu mzaliwa wa Roma aliyeifanya Brazil kuwa kwao. Alikwenda kukitazama siku ya kazi, akaona jengo zuri la zege na matofali, kimya. Akarudi Jumamosi. Kiwanda kilikuwa kimejaa. Vijana wanacheza mpira ndani, mvua ikiwavujia kupitia paa bovu; akina mama wanachoma nyama na kupanga mikate; watoto wanakimbizana; kando kuna maonyesho ya vikaragosi. Hakuna msanifu aliyewachorea, mahali palikuwa pamekwisha kuwa kituo cha burudani. Bo Bardi akaamua kwamba kazi yake ni moja: furaha ile iendelee.

Ndipo akahamisha ofisi yake ndani ya kiwanda, akakaa humo na mafundi kwa miaka tisa hadi kazi ilipomalizika. Mabanda hayakuguswa ila kuondolewa lipu. Ndani akaweka maktaba, meko, na mfereji wa maji unaopita sakafuni katikati ya ukumbi, ambamo watoto hutia miguu. Karakana za ufinyanzi, uchapaji, ufumaji. Sehemu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1982. Kwa upande wa michezo kulikuwa na shida: ardhi iliyobaki ilikatwa katikati na mfereji ambao hairuhusiwi kujenga juu yake. Akasimamisha minara miwili ya zege, mmoja kila upande, akaiunganisha kwa vivuko vya angani, na juu ya mfereji akatandika sakafu ya mbao ambayo watu wa mji ule usio na bahari huiita pwani na kulala juani humo. Viwanja vimepandana ghorofa juu ya ghorofa, kila kimoja kimepewa jina la majira ya mwaka. Madirisha ni matundu yasiyo na umbo, hayana kioo, upepo unapita. Sehemu hiyo ilikamilika mwaka 1986. Mtu hutoka barabarani akaingia. Wazee wamekaa na karata zao, wanafunzi wanasoma, mama kamlaza mtoto kwenye kochi. Hakuna anayewauliza mmekuja kufanya nini.

Somo la Jumamosi ile ndilo ninalolitaka hapa. Nendeni kwenye magofu yetu ya viwanda siku ya Jumapili jioni, bila ving'ora na bila mpiga picha. Mtawakuta vijana wamebomoa tundu ukutani na ndani wana ligi yenye ratiba, kamati na faini. Kuna mafunzo ya ndondi chini ya mwembe. Kuna meza ya keram ambayo wenyewe huilinda kuliko baiskeli. Mama wa viazi karai kajipanga pale pale ambapo upepo wa kusi hauzimi jiko lake, na hilo hakulifundishwa na msanifu yeyote. Kila tundu ukutani ni lango ambalo watu wamelichagua wenyewe. Mchoro wenu huziba yote na kufungua moja, upande wa barabara kuu, linalotazamana na maegesho ya magari ya watu wasiotembea.

Na vile vibanda virefu vya mabati mnavyovionea haya, vyenye mapaa ya meno ya msumeno, vilichorwa na watu waliojua jua: mwanga uingie, joto litoke juu. Ondoeni asbesto kwa wataalamu, wekeni mabati safi, mna uwanja wa ndani wenye kivuli na mvua hailoweshi. Nyinyi mnavivunja, mnauza vyuma kwa mizani, kisha mnapanda minazi ya mapambo na kumwambia mtoto acheze saa nane mchana katika Februari ya Mombasa, asubiri mnazi ukue.

Kisha wasichana. Katika mchoro binti anakimbia peke yake. Wekeni saa kwenye picha hiyo. Binti wa Mshomoroni hakosi hamu ya mchezo, anakosa njia ya kurudi nyumbani saa moja usiku. Kama kiwanja cha netiboli kimetupwa nyuma ya ghala, kama choo kiko gizani na hakina maji wala komeo, hamkumjengea kitu. Kiwanja chake kiwe karibu na mlango, palipo na muuza mahamri na macho ya watu wazima, taa zikae njiani kabla ya kukaa kwenye uwanja wa mpira. Bwawa likiwapo, liwe na ukuta na saa za wanawake, ama sivyo nusu ya mtaa wa Waislamu mmeifungia nje bila kusema.

Zamani viwanda na mashirika vililijua deni hili. Kulikuwa na timu za soka: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, na huku Rivatex ya Eldoret na Bata Bullets ya Limuru. Haikuwa hisani. Mfanyakazi alitoa mgongo, kiwanda kikatoa jezi na kiwanja, na Jumapili mtaa mzima ukawa na pa kwenda. Majengo yalipouzwa kwa mnada, viwanja viliuzwa navyo, vikiandikwa kwenye hati kama ardhi tupu. Ardhi tupu! Mahali ambapo watu walizimia kwa penalti.

Najua swali mnalolikalia. Bila kiingilio, nani atalipa umeme, maji na mwenye ufagio? Swali zuri, kwa kuwa vituo vingi havifi kwa kukosa msanifu, vinakufa kwa kukosa balbu. Turudi Brazil. SESC iliundwa mwaka 1946 na inaendeshwa kwa mchango wa lazima: waajiri wa biashara na huduma hutoa asilimia 1.5 ya jumla ya mishahara wanayolipa. Mwajiri ndiye anayetoa. Kwa pesa hizo wana viwanja, maktaba, kliniki za meno na majumba ya maonyesho nchi nzima.

Asilimia 1.5. Mkenya mwenye ajira nambari hiyo anaiona kila mwisho wa mwezi kwenye karatasi yake ya mshahara, ushuru wa nyumba wa sheria ya 2024, asilimia 1.5 kutoka kwake na nyingine kama hiyo kutoka kwa mwajiri. Basi msituambie kwamba serikali haijui kukata. Kukata inakujua sana. Sisemi mtuongezee makato, Mungu apishe mbali. Nasema mwenye kiwanda kipya anapoomba kibali, aweke fungu kando, tangu siku ya kwanza ya uzalishaji, la kusafisha ardhi atakapoondoka na la kukiendesha kile kitakachobaki. Asiposaini, asiwashe mashine.

Kuna na wale wanaosema watu wanataka kazi na nyumba, michezo ni anasa. Hao nimewachunguza: wengi wao wana kadi ya klabu. Wengine husema mkiacha wazi vijana watapageuza maskani ya unga. Unga uko mitaani sasa hivi, na viwanja vyetu vimefungwa kwa kufuli. Kufuli halijamwachisha mtu.

Basi wenzangu, barua ya kikao cha maoni ya umma itakuja, kwa Kiingereza, siku mbili kabla. Nendeni. Mchoro utakuwa umetundikwa mbele, Mzungu na mbwa wake wamo, na mheshimiwa atakuwa anatafuta kofia yake ya ujenzi. Kabla hajasema lolote, mmoja wenu asimame, heri awe mama, aombe majibu ya maabara ya udongo, kwa Kiswahili, yabandikwe ukutani kando ya mchoro. Wakisema yanakuja, wa pili aombe jina la aliyekuwa mwenye kiwanda na anwani yake ya sasa. Wakisema hilo litashughulikiwa, msitie saini karatasi ya mahudhurio, maana ndiyo itakayopelekwa Nairobi kuwa ushahidi kwamba mlikubali. Soda zao mnaweza kunywa.